Nani alimchagua seneta wa Wilaya ya 13? Kisa cha kiti kimoja cha Chicago

Kati ya 1991 na 2019, kiti cha Wilaya ya 13 katika Seneti ya jimbo la Illinois kilikabidhiwa watu wanne. Watatu waliingia kwa kuteuliwa na wenyeviti wa chama wa kata. Mmoja aliingia kwa kura, lakini kwenye mchujo wa chama chake jina lake lilisimama peke yake, kwa sababu wapinzani wake wote wanne walikuwa wameshaondoka kwenye karatasi kabla ya siku ya kupiga kura. Huyo mmoja ni Barack Obama.

Upande wa pili wa kisa ni kazi waliyoifanya. Watatu wa mwisho kati ya hao wanne waliacha nyuma yao sheria nzito kuhusu polisi, mahakama na magereza, mambo ambayo watu wa kusini mwa Chicago walikuwa wakiyalilia kwa miongo kadhaa. Je, mtu anaweza kuwawakilisha vizuri watu ambao hawakupata nafasi halisi ya kumchagua? Naamini kisa hiki kinajibu ndiyo. Naamini pia kwamba wapiga kura hao walinyimwa kitu chao, na kwamba uzuri wa sheria zilizotungwa baadaye haukirudishi.

Mitaa kwanza, namba baadaye

Seneti ninayoizungumzia si ile ya Washington. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, na la Illinois hukaa Springfield, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Chicago. Lina maseneta 59. Kila wilaya ya seneti imegawanywa mara mbili kupata wilaya za wawakilishi, ndiyo maana wawakilishi ni 118. Kwa sensa ya 2020 Illinois ilikuwa na watu 12,812,508, hivyo kila seneta anabeba watu wapatao 217,000.

Namba za wilaya huhamahama kila ramani inapochorwa upya, kwa hiyo anayetaka historia ya kiti hiki afuate mitaa. Kitovu chake ni Hyde Park na Kenwood, kando ya Ziwa Michigan. Hyde Park ilikuwa mji unaojitegemea hadi 1889, ilipomezwa na Chicago. Mwaka uliofuata kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Chicago, na tangu hapo mtaa ukawa wa maprofesa, mawakili na wasomi wa kila namna. Kuuzunguka walikuja Wamarekani weusi waliokimbia kutoka majimbo ya kusini mwa Marekani, maelfu kwa maelfu, wakakuta mikataba ya nyumba iliyokataza kumuuzia au kumpangishia mtu mweusi. Kesi ya Hansberry dhidi ya Lee, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani 1940, ilitokana na nyumba moja ya huku kusini. Mikataba hiyo ilikosa nguvu mbele ya mahakama mwaka 1948, na ndani ya miaka ishirini sura ya mitaa mingi ikawa imebadilika kabisa.

Haya yote nayaeleza kwa sababu yanafafanua tabia ya kisiasa ya mahali penyewe. Chicago ya Meya Richard J. Daley ilikuwa mji wa chama kimoja, Democratic, wenye nidhamu ya kijeshi: kata 50, kila kata na mwenyekiti wake, kila mwenyekiti na watu wake wa kuhesabu kura nyumba kwa nyumba. Hyde Park ilikuwa kichomi cha mfumo huo. Kata ya 5 ilimweka Leon Despres kwenye baraza la mji kuanzia 1955 hadi 1975, na kwa miaka mingi alikuwa akipinga karibu peke yake. Mwaka 1966 mitaa hiyo ilimpeleka Springfield mwanasheria mweusi aliyesoma hapohapo chuoni, Richard Newhouse, naye akakaa kwenye seneti tangu 1967 hadi 1991. Mwaka 1975 alithubutu kugombea umeya dhidi ya Daley kwenye mchujo wa Democratic. Alishindwa vibaya. Ila mtu mweusi kusimama na kuutaka mji ule waziwazi halikuwa jambo dogo, na Harold Washington alipoupata umeya mwaka 1983, njia ilikuwa imeshapitiwa.

Newhouse aling'atuka 1991 kabla muhula wake haujaisha. Wenyeviti wa chama wakamteua Alice Palmer, mwalimu na mwanaharakati mwenye shahada ya uzamivu kutoka Northwestern. Mwaka uliofuata alisimama mbele ya wapiga kura akashinda. Alipendwa, na hata wapinzani wake walimheshimu.

Majira ya baridi ya 1995

Hapa ndipo penye moyo wa kisa.

Mwaka 1995 mbunge wa Washington kutoka Wilaya ya 2 ya Illinois, Mel Reynolds, alitiwa hatiani kwa makosa ya ngono yaliyomhusu msichana mdogo, akajiuzulu. Palmer alikuwa ameshatangaza nia ya kukitaka kiti hicho. Ili asiache pengo nyuma yake, alimwonyesha mtu anayemtaka kwenye kiti cha seneti: mwanasheria wa miaka 34, mwalimu wa sheria ya katiba pale chuoni, ambaye miaka mitatu kabla aliongoza kampeni ya kuandikisha wapiga kura wapatao 150,000 huko Illinois. Baba yake alikuwa Mjaluo ambaye kwao ni Kogelo, Siaya. Septemba 19, 1995, kwenye hoteli moja kando ya ziwa, Obama alitangaza kugombea, na Palmer ndiye aliyemtambulisha.

Novemba 28 ulifanyika mchujo wa kujaza kiti cha Reynolds. Jesse Jackson Jr. alishinda. Wa pili alikuwa Emil Jones, kiongozi wa Democratic kwenye seneti ya Springfield. Palmer alikuwa wa tatu.

Siku chache baadaye wazee wa harakati za kusini, akiwemo mwanahistoria Timuel Black, walimwendea Obama wakamwomba ampishe Palmer arudi kwenye kiti chake. Hoja yao ilikuwa ya heshima na ya utaratibu: yeye ni kijana, zamu yake itafika, na Palmer ana uzoefu. Obama alikataa. Alishatangaza, alishachangisha, alishaweka watu barabarani, na Palmer mwenyewe alikuwa amesema anaondoka. Kwa macho yangu kukataa huko hakuna kosa. Kiti cha umma si kiti cha kuwekewa mkeka na kurudiwa, na aliyeahidi kuondoka hawezi kumdai mwenzake ampishe kwa sababu tu mambo yake ya Washington yalikwenda kombo.

Lililofuata ni jambo jingine.

Illinois inamtaka mgombea alete saini za wapiga kura wanaomdhamini. Kwa kiti hiki mwaka ule zilitakiwa 757. Obama aliwasilisha zaidi ya 3,000 siku ya kwanza kabisa ya kupokea fomu, Desemba 11. Palmer, ambaye uamuzi wake wa kurudi ulichelewa, alikimbizana na muda na kuwasilisha 1,580 siku ya mwisho, Desemba 18. Kwa hesabu ya haraka alikuwa na zaidi ya mara mbili ya zilizotakiwa.

Lakini saini Chicago hazihesabiwi tu. Mpiga kura yeyote wa wilaya anaweza kuweka pingamizi, na hapo kila saini hulinganishwa na daftari la wapiga kura. Aliyeandika jina kwa herufi kubwa badala ya kutia saini, anatolewa. Aliyehama nyumba na daftari bado linaonyesha anwani ya zamani, anatolewa. Anayekaa upande wa pili wa barabara ambao ni wilaya nyingine, anatolewa. Mkusanyaji akiwa na kasoro, ukurasa wake mzima unaweza kwenda na maji. Kwa miaka mingi hii ndiyo iliyokuwa silaha ya chama dhidi ya wagombea huru, na wagombea huru nao walijifunza kuitumia.

Januari 2, 1996, timu ya Obama iliweka pingamizi dhidi ya wapinzani wote. Watu wake waliketi kwenye ofisi za tume ya uchaguzi ya mji, wakapitia karatasi mstari kwa mstari. Wagombea wengine watatu walikuwa hawajulikani sana. Wawili kati yao walipungukiwa na saini chini ya mia moja kila mmoja. Kwa Palmer, idadi kubwa ya saini zilianguka, naye akajitoa Januari 17. Mchujo ulipofika Machi, karatasi ya Democratic ilikuwa na jina moja.

Novemba Obama alipata asilimia 82 dhidi ya mgombea wa chama kidogo na mgombea wa Republican. Katika wilaya ile ushindi huo ulikuwa umeshaamuliwa tangu Januari. Kusini mwa Chicago, uchaguzi wenyewe ni mchujo wa Democratic, na mchujo ule haukufanyika ila kwa jina.

Watetezi wa Obama husema sheria ilifuatwa, na kweli ilifuatwa. Husema pia kwamba anayeshindwa kukusanya saini 757 halali hana jeshi la kuongoza wilaya. Hoja hii naielewa, na kwa watu wale watatu wasiojulikana huenda inatosha. Kwa Palmer haitoshi. Huyu alikuwa seneta aliyeko madarakani, aliyechaguliwa, mwenye rekodi ambayo watu wangeweza kuipima. Wapiga kura wa Englewood, South Shore na Hyde Park walikuwa na haki ya kuwaweka wawili hawa kwenye mizani. Walikuwa na swali zuri kuliko maswali mengi ya kisiasa: mwanamke mzoefu aliyetaka kuondoka akarudi, au kijana mgeni mwenye kipaji asiye na mizizi mirefu mtaani? Hawakuulizwa. Msomaji wa Tanzania anayejua maana ya mgombea kuenguliwa kwa kasoro za fomu na mwenzake kupita bila kupingwa hahitaji nimfafanulie ladha ya jambo hilo.

Kinachonisumbua zaidi ni nani aliyeumia kwenye daftari. Watu wanaohamahama nyumba, wanaopanga chumba leo hapa kesho pale, ndio ambao anwani zao hazilingani. Hao ndio maskini wa wilaya. Kazi ya 1992 ya kuandikisha wapiga kura iliwaingiza watu wa namna hiyo kwenye daftari kwa makumi ya maelfu. Kazi ya Januari 1996 ilifuta saini zao kwa sababu daftari halikuwafuata walikohamia. Aliyeongoza kazi zote mbili ni mtu yuleyule, na sidhani kwamba moja inafuta nyingine.

Kiti kikibaki wazi

Msomaji wa Kenya au Tanzania amezoea kwamba mbunge wa kuchaguliwa akifa au akijiuzulu, unaitishwa uchaguzi mdogo. Illinois haiko hivyo kwa bunge lake la jimbo. Katiba ya 1970 inasema kiti kijazwe kwa uteuzi ndani ya siku 30, na anayeteuliwa awe wa chama kilekile. Anayeteua ni kamati ya chama ya wilaya husika, ambayo kwa Chicago ina maana ya wenyeviti ambao kata zao, nzima au vipande, zimo ndani ya wilaya. Sauti zao hazilingani: uzito wa kila mmoja hutegemea kura za chama zilizopigwa kwenye kipande chake. Mwenyekiti mmoja mwenye kipande kikubwa anaweza kuwa na nguvu kuliko wenzake watatu.

Obama alishinda useneta wa Marekani Novemba 2, 2004, kwa asilimia 70, akajiuzulu kiti cha Springfield siku mbili baadaye. Ndani ya siku chache Kwame Raoul, mwanasheria, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti aliyekulia mitaa hiyohiyo, akateuliwa. Mpaka wapiga kura wanamwona kwenye karatasi mwaka 2006, tayari alikuwa seneta wa miaka miwili. Raoul alikaa hadi Januari 2019, alipoapishwa kuwa Mwanasheria Mkuu wa Illinois baada ya kushinda uchaguzi wa jimbo zima. Kamati ikaketi tena, ikamchagua Robert Peters, mwanaharakati aliyekuwa akiandaa watu kisiasa kusini mwa mji. Naye alifika kwenye karatasi mwaka 2020 akiwa tayari na cheo.

Haki itendeke: wenyeviti wa kata nao huchaguliwa na wapiga kura wa chama kila baada ya miaka minne. Hawakushuka kutoka mbinguni. Uchaguzi mdogo nao una maradhi yake. Watu wachache hujitokeza, gharama ni kubwa, na anayeshinda ni yule mwenye mashine iliyo tayari, yaani walewale wenyeviti. Matokeo ya uteuzi mara zote tatu yalikuwa mazuri, nami sioni sababu ya kulificha hilo. Lakini nani Hyde Park anayempigia kura mwenyekiti wa kata akijua kwamba siku moja atamchagulia seneta? Nafasi ile hupigiwa kura chini kabisa ya karatasi, na wengi huiruka.

Anayeingia kwa uteuzi huwa na ofisi, ana wafanyakazi, ana jina, ana rafiki zake Springfield. Katika wilaya ambayo chama kimoja kinashinda daima, faida hiyo ya mwanzo ni kama muhuri. Ndiyo maana nasema mlango wa kiti hiki, tangu 1991, haujawahi kufunguliwa kwa ushindani kikiwa wazi. Watu walipewa nafasi ya kumthibitisha aliyekwisha kukaa.

Chumba cha ramani

Kuna mlango wa nyuma zaidi, nao ni ramani. Kila baada ya sensa, bunge la Illinois huchora mipaka. Likishindwa kukubaliana, inaundwa tume ya watu wanane, nusu kwa nusu. Nao wakikwama, katiba inaamuru kura ya bahati: jina moja la Democratic na moja la Republican, Katibu wa Jimbo anachomoa moja, na aliyechomolewa anakuwa mjumbe wa tisa. Waliotunga katiba ya 1970 walidhani tishio la kupoteza kila kitu kwa bahati nasibu litawalazimisha wanasiasa kupatana. Walikosea. Pande zote mbili ziliona bora kucheza kamari. Mwaka 1991 bahati iliwaangukia Republican, na uchaguzi wa 1992 ukawapa seneti kwa miaka kumi. Mwaka 2001 Katibu wa Jimbo Jesse White alichomoa jina kutoka kwenye kofia iliyotengenezwa kwa mfano wa kofia ya Abraham Lincoln, likatoka la Michael Bilandic, meya wa zamani wa Chicago. Kalamu ikahamia kwa Democratic.

Wakati huo Obama alikuwa na majeraha. Mwaka 2000 alijaribu kumng'oa Bobby Rush kwenye kiti cha Washington akapigwa asilimia 61 kwa 30. Wapiga kura weusi wa kusini walikuwa wamemwambia wazi kwamba hawamjui vya kutosha. Mwaka uliofuata aliketi na mtaalamu wa ramani wa chama, kwenye chumba cha kompyuta cha jengo la Stratton, Springfield, wakachora Wilaya ya 13 mpya.

Wilaya ya zamani ilitoka Hyde Park ikaelekea magharibi hadi Englewood, moja ya mitaa yenye umaskini mkubwa kabisa Chicago. Wilaya mpya iligeuza shingo. Ilishika ufukwe wa ziwa ikapanda kaskazini, ikapita katikati ya mji hadi Gold Coast, kwenye maghorofa ya matajiri. Weusi walibaki wengi ndani yake, lakini sasa kulikuwa na Wazungu wengi zaidi, Wayahudi zaidi, watu wenye fedha na elimu zaidi. Kwa mwanasiasa anayeota kugombea jimbo zima na anayehitaji wachangiaji, hakuna wilaya bora kuliko hiyo. Mwaka 2002 alipita bila mpinzani. Mwaka 2004, kwenye mchujo wa watu saba wa useneta wa Marekani, alipata asilimia 53.

Nadhani ni haki kueleza mantiki ya chama, maana haikuwa ya Obama peke yake. Ramani ya 1991 iliwarundika wapiga kura weusi kwenye wilaya chache ambazo Democratic ilishinda kwa asilimia 80 na 90, kura nyingi zikapotea bure. Kuwatandaza kaskazini kuliongeza viti vya chama bila kuwapunguza maseneta weusi. Januari 2003 Democratic ilishika seneti, na Emil Jones, yuleyule aliyemwacha Palmer nyuma mwaka 1995, akawa rais wa seneti na mlezi wa Obama. Yote yaliyopitishwa baada ya hapo yalipita kwa sababu ya ramani hiyo.

Lakini mtazame mtu wa Englewood. Mwaka 1996 hakuulizwa kati ya Palmer na Obama. Mwaka 2001 seneta aliyempata bila kuulizwa akahamisha wilaya ikamwacha. Hakuna aliyemfanyia ubaya kwa jina. Aliingizwa kwenye wilaya nyingine, na seneta mwingine akampata. Ila mpangilio wa kawaida wa mambo, kwamba wananchi huchagua mwakilishi, ulikuwa umegeuzwa juu chini.

Mnyororo huu uliendelea kwa namna isiyotarajiwa. Mwaka 2011 mwenyekiti wa kamati ya seneti ya kuchora mipaka ya jimbo zima alikuwa Raoul, seneta wa Wilaya ya 13. Mwaka huohuo alisimamia sheria ya Illinois ya kulinda nguvu ya kura za walio wachache wakati wa kuchora ramani, hatua ambayo naiheshimu. Mwaka 2016 watu waliokusanya saini kote jimboni wakitaka tume huru ya mipaka walizuiwa na Mahakama Kuu ya Illinois kwa kura 4 dhidi ya 3. Ramani ya 2021 ilichorwa tena na wanasiasa wenyewe. Ya Juni ilitungwa kabla takwimu kamili za sensa hazijatoka, ikabidi irekebishwe Septemba.

Waliyoyafanya

Sasa upande wa pili wa mizani, ambao sitaki kuupitia haraka.

Kati ya 1972 na 1991, Jon Burge, kamanda wa polisi, na wapelelezi wake waliwatesa zaidi ya watu weusi mia moja kusini mwa Chicago: vipigo, kukabwa kwa mifuko ya plastiki, umeme. Maungamo yaliyotolewa kwa mateso yaliwapeleka watu kwenye vyumba vya kusubiri kuuawa kwa hukumu ya kifo. Januari 2000 Gavana George Ryan, Mrepublican, alisimamisha utekelezaji wa hukumu za kifo kwa kuwa watu wasio na hatia walikuwa wakitokea mmoja baada ya mwingine. Januari 2003, siku chache kabla ya kuondoka, aliwabadilishia adhabu watu 167.

Mwaka huohuo Obama alipeleka muswada wa kuwalazimisha polisi kurekodi mahojiano yote ya watuhumiwa wa mauaji. Vyama vya polisi vilipinga, waendesha mashtaka wakasita. Aliketi nao kwa miezi, akabadilisha vipengele, na mwisho seneti ikapitisha 58 kwa 0. Illinois ikawa jimbo la kwanza kulazimisha hilo kwa sheria ya bunge. Pamoja nayo ilipita sheria ya kuandika rangi ya kila dereva anayesimamishwa na polisi.

Raoul alipokea kijiti hapohapo. Alisimamia seneti muswada wa kufuta adhabu ya kifo. Januari 2011 ulipita 32 kwa 25, na Gavana Pat Quinn akautia saini Machi 9. Wafungwa 15 waliobaki na hukumu ya kifo walibadilishiwa kifungo cha maisha. Peters naye alibeba sehemu ya sheria ya 2021 iliyofuta dhamana ya fedha taslimu. Ilipingwa mahakamani, ikashinda, na tangu Septemba 18, 2023 hakuna mtu Illinois anayekaa rumande kwa sababu tu hana pesa ya dhamana. Hakuna jimbo jingine lililokuwa limefika hapo kabla.

Maseneta watatu, miaka ishirini, mstari mmoja. Sioni namna ya kuuita huu uwakilishi hafifu. Mateso yalitokea kusini, mama zao wafungwa waliandamana kusini, na waliokaa kwenye kiti cha kusini wakatunga sheria. Wajumbe wa kamati ya chama waliijua wilaya yao. Walichagua watu waliofanana na hasira na matumaini ya majirani zao, pengine vizuri kuliko ambavyo mchujo wa haraka wenye fedha nyingi ungefanya.

Lakini uwakilishi una sehemu mbili, na sehemu ya pili haifidiwi na ya kwanza. Mtu aliyepewa sheria nzuri bado ana haki ya kumfukuza aliyempa, na haki hiyo hufa taratibu pale ambapo kila anayeingia anaingia akiwa ameshakalishwa. Bahati ya watu wanne wazuri mfululizo inaweza kukatika kwa mmoja tu, na siku hiyo wilaya itatazama huku na huku kutafuta mlango wa kumtolea.

Kipi kibadilishwe? Uchaguzi mdogo utahitaji kurekebisha katiba, kwa kuwa uteuzi ndani ya siku 30 umo ndani yake. Namna ya uteuzi, hata hivyo, imeachiwa sheria ya kawaida. Bunge linaweza kuamuru kesho kwamba wanaoomba kiti wahojiwe hadharani na kila mwenyekiti wa kata aeleze kwa maandishi alimpa nani sauti yake na kwa nini. Kwa saini, dawa ni rahisi zaidi: mgombea ambaye saini zake zimeangushwa kwa kasoro ya anwani au ya mwandiko apewe siku chache za kumrudia aliyemdhamini na kurekebisha. Palmer angepata siku hizo, Machi 1996 ingekuwa na majina mawili, na Obama huenda angeshinda vilevile.